Shajara ya mradi: bao la kete kwenye simu, na kazi mpya Gerezani

Jumapili, kesho naanza kazi

Hali ya mradi kwa leo: ubao unaonekana kwenye skrini, mashimo yote 32 yamekaa mahali pake, kete zimepangwa, ila hazijui kutembea. Ukigusa shimo linang'aa, basi. Hapo ndipo nilipofika kwa muda wote niliokaa nyumbani nikisubiri kuitwa kazini, na sasa nimeitwa. Kuanzia kesho mimi ni karani wa stoo kwenye duka la jumla la vipuri vya pikipiki, Gerezani, Kariakoo.

Shajara hii naianza ili mradi usife. Nimewaona wapenda gemu wenzangu wakipata kazi, na cha kwanza kuwekwa kando ni kile walichokuwa wanakitengeneza. Kucheza hakukatiki. Mtu hata akirudi amechoka vipi, mechi moja ya eFootball kitandani ataicheza. Kutengeneza ndiko kunakokatika, kwa sababu kunataka kichwa kilichotulia, na kichwa kilichotulia saa tatu usiku ni kitu adimu. Nikiandika nilipofika, kesho yake sitapoteza muda kujiuliza nilikuwa nafanya nini.

Ninachotengeneza ni bao la kete, bao la Kiswahili lenyewe: safu nne, mashimo manane kila safu, kete 64, nyumba (shimo maalumu la kila mchezaji), kunamua (awamu ya kutia kete za mkononi) na mtaji (awamu ya pili, za mkononi zikiisha). Nataka liende kwenye simu ya kawaida, bila intaneti na bila malipo. Gemu nimeanza nazo darasa la nne kwenye banda la PlayStation 2 mtaani kwetu Tandika, msichana pekee kwenye benchi la wavulana, nikisubiri zamu yangu ya PES. Baadaye nikapata kompyuta, nikacheza za Wajapani, za Wamarekani, za Wapolandi. Halafu Ramadhani moja nikakaa jioni nzima kumtazama baba mdogo na wenzake wakicheza bao barazani. Mtu anatia kete moja tu, zinazunguka, zinakula, zinazunguka tena, na wote pale wanajua itaishia shimo gani kabla mkono haujafika. Niliondoka pale nikiwa na hakika kwamba nimetazama gemu ngumu kuliko nyingi nilizomaliza. Programu za bao nilizojaribu kwenye simu zilikuwa zinaruka sheria za nyumba, na bao lisilo na nyumba silo lile la barazani kwetu.

Chombo ninachotumia ni Godot, injini ya gemu, yaani programu ya kutengenezea gemu, iliyoanzishwa na Waajentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na kufunguliwa kwa watu wote mwaka 2014. Haidai malipo wala mgawo wa mapato, na faili lake la kupakua halifiki megabaiti 100. Anayenunua bando la siku ataelewa kwa nini nimelitaja hilo. Kompyuta yangu ni ya zamani, haiwezi Vulkan, mfumo mpya wa kuchora kwenye skrini, kwa hiyo nimechagua njia ya uchoraji inayotumia OpenGL, mfumo wa zamani zaidi. Ubao wa mashimo 32 hauhitaji zaidi ya hiyo.

Ijumaa, wiki ya kwanza kazini

Mradi haujasogea. Naandika tu hali ya maisha.

Naingia saa mbili asubuhi, natoka saa kumi na moja jioni. Daladala ya Tandika asubuhi nasimama. Stoo ni chumba kirefu nyuma ya duka, rafu za chuma hadi darini, na kila rafu ina kadi yake inayoning'inia: jina la kipuri, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Kuna cheni na sproketi, breki shuu, klachi pleti, kebo, plagi, taa, tyubu. Breki shuu ya Boxer na ya TVS ukiziona kwa mbali utadhani ni moja, na kazi yangu ni kutodhani. Kijana wa kaunta anapiga kelele, "Dada, cheni seti sita, Morogoro hao, basi linaondoka saa saba!" nami natakiwa niwe nimezitoa, nimeandika kwenye kadi, nimesaini noti ya mzigo, kabla hajamaliza kupokea hela.

Mchana wali maharage kwa mama ntilie, tunakaa kwenye makatoni. Kijana wa kaunta aliniuliza napenda nini, nikamwambia gemu. Akacheka kwa wema, "Mtu mzima na gemu, dada?" Nikamwonyesha ubao kwenye simu. Akauliza mbona kete haziendi. Swali zuri.

Usiku nina nguvu ya kitu kimoja tu, na wiki hii kimekuwa Stardew Valley, gemu ya kulima shamba. Siku moja kwenye lile shamba, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nane usiku, inachukua kama dakika 14 za saa ya ukutani. Unamwagilia, unavua samaki, unalala, na ukilala ndipo kompyuta inapohifadhi. Kwa mwajiriwa mpya kipimo hicho ni rafiki: najua siku mbili za shambani ni karibu nusu saa, halafu nazima. Zamani nilikuwa naichukulia kama gemu ya kupumzikia. Sasa naiona kazi iliyomo. Eric Barone aliitengeneza peke yake kwa miaka kama minne na nusu, michoro yeye, muziki yeye, programu yeye, na katika miaka hiyo alikuwa na kibarua cha kuwaonyesha watu viti vyao kwenye ukumbi wa maonyesho kule Seattle. Ilitoka Februari 2016. Nikiwa nimesimama kwenye daladala huwa nafikiria kile kibarua chake kuliko mauzo yake.

Jumamosi usiku

Kete zinatembea!

Nilitoka kazini mchana, nikalala saa moja, nikakaa mezani hadi mita ya LUKU ilipoanza kulia kwamba umeme unaisha. Hili lilitaka karatasi kwanza kabla ya kompyuta, kwa hiyo nililichora kwenye daladala, nyuma ya risiti.

Kila mchezaji ana mashimo 16, manane mbele na manane nyuma, na kete zinazunguka humo humo upande wake, haziendi kupandwa kwa mwenzake. Nimeyapa namba 0 hadi 15. Safu ya mbele inaanza 0 mkono wa kushoto wa mchezaji na kuishia 7 kuliani kwake, halafu safu ya nyuma inarudi, 8 ikiwa kulia na 15 kushoto. Kwa mpangilio huo kupanda kete, yaani kuzidondosha moja moja kwenye mashimo yanayofuatana, ni kuongeza moja ukienda upande mmoja, kupunguza moja ukienda upande wa pili, na ukipita 15 unarudi 0. Kona hazisumbui tena. Na kwa sababu kila mtu anahesabu kuanzia kushoto kwake, na wawili hawa wametazamana, shimo langu la mbele lenye namba yoyote linatazamana na la mwenzangu ambalo ni 7 ukitoa namba hiyo. Langu la 0 linatazama la 7 lake. Langu la 4, lenye nyumba, linatazama la 3 lake. Ndiyo maana nyumba mbili hazikai uso kwa uso, zimepishana kwa shimo moja, kitu ambacho nilikuwa nakiona barazani bila kukitilia maanani.

Mwanzo wa mchezo pia umekaa sawa: kete sita kwenye nyumba, mbili kwenye kila moja ya mashimo mawili yanayofuata kuliani, na 22 mkononi. Jumla 32 kwa kila mtu. Nikigusa shimo, kete zinatoka moja moja na kudondoka kwa mpigo. Mdogo wangu alizitazama zikizunguka mara kadhaa akaniomba simu. Sijampa, bado hazijui kula, yaani kuchukua kete za mpinzani.

Jumatano

Nimempata mwalimu, tena yuko pale pale kazini.

Mlinzi wetu wa usiku ni mzee wa Makunduchi, Unguja, anafika jioni wakati sisi tunafunga. Nilikuwa namsalimia tu kila siku, shikamoo babu, marahaba mjukuu, napita. Leo nimechelewa kutoka kwa sababu ya mzigo ulioingia jioni, nikamkuta ameshaufungua ubao wake kwenye benchi la mafundi, anacheza na fundi pikipiki wa jirani. Ubao wa mninga, kingo zimeng'aa kwa kushikwa. Kete zake ni komwe, zile mbegu za kijivu ngumu za mkomwe, na zikigongana zina sauti kavu.

Nilisimama mpaka mechi ikaisha. Kisha nikamwuliza kuhusu kichwa (shimo la mwisho la safu ya mbele, kila upande) na kimbi (shimo linalopakana nalo), maana hapo ndipo nilipokwama: ukila katikati unachagua kupandia kushoto au kulia, lakini wachezaji wa kwetu mara nyingine naona hawachagui.

"Umekula kwenye kichwa au kimbi, huna la kuchagua," akasema, na akagusa mashimo mawili ya mwisho kila upande. "Umekula huku, unaanzia kichwa cha huku. Na kama mkono ulikuwa unakwenda kule, sasa unageuka."

"Na nikila katikati nikiwa tayari naenda?"

"Unaendelea na njia yako ile ile. Unarudi kichwa ulichotokea."

Akanionyesha kwa mkono, mara ya kwanza polepole, mara ya pili kwa mwendo wa kawaida, na kwa mwendo wa kawaida sikuziona kete kabisa, niliusikia ubao tu. Nilipomwambia natengeneza bao la kwenye simu aliitazama skrini kwa makini, akauliza nyumba iko wapi. Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa kukubali, akasema nilete likishakula.

Niliandika yote kwenye daladala. Kula ni lazima: ukiwa na cha kula huruhusiwi kutakata, yaani kucheza bila kula. Kete ya mwisho ikidondokea shimo lako la mbele lenye kete, na la mwenzako linalolitazama lina kete pia, unakula. Ikidondokea penye kete lakini hakuna cha kula, unazoa zote na kuendelea kupanda. Ikidondokea patupu, umelala, zamu imekwisha. Sentensi nne, na karibu gemu nzima imo humo.

Mwisho wa mwezi, usiku wa hesabu ya stoo

Hii ni siku ndefu na nataka kuiandika vizuri, kwa sababu leo kazi na mradi vimekutana.

Tulifunga duka mapema kuhesabu stoo. Utaratibu ni mmoja kwa kila kipuri: kilichokuwepo mwanzo wa mwezi, jumlisha kilichoingia, toa kilichotoka, lazima upate kilichopo rafuni. Mama mwenye duka anasoma kadi, mimi napanda ngazi nahesabu, kijana wa kaunta anaandika. Rafu baada ya rafu zinakubaliana, mpaka tukafika kwenye cheni. Kadi inasema seti 96. Rafuni nahesabu 84. Nashuka, anapanda kijana, 84.

Mimi nilitegemea mama ataanza kuuliza nani kachukua. Hakuuliza. Alivuta kiti, akaiweka kadi ya cheni kando ya daftari la kaunta, akaanza kurudi nyuma mstari kwa mstari, akitafuta siku ya mwisho ambayo kadi na daftari vilikubaliana. Akaipata. Kuanzia hapo akaja mbele, mstari kwa mstari, akiweka alama ya penseli. Na ikaonekana: katoni moja ya seti 12 ilifunguliwa kaunta wakati kuna wateja wengi, ikauzwa seti moja moja, kila seti imo kwenye daftari na risiti za EFD zipo, ila kadi ya rafuni haikuguswa. Hela ipo, mzigo umetoka, kadi ndiyo iliyokuwa inasema vingine. Akaandika, akasaini, tukaenda rafu inayofuata. "Hesabu haikasirikiwi, mwanangu," aliniambia akiwa anakunja kadi, "inafuatwa."

Kwa muda sasa kwenye bao langu kulikuwa na kitu kinachonisumbua. Nikicheza mechi ndefu, mwishoni ubao unaonekana umejaa kuliko inavyostahili. Nilikuwa nikitazama skrini na kubahatisha. Nimerudi nyumbani leo usiku, sijabadilisha hata nguo, nikafanya alichofanya mama. Kete za bao ni 64 na hazizaliwi wala hazifi. Zilizopo mashimoni kwa wote wawili, jumlisha zilizo mikononi, lazima iwe 64 baada ya kila hatua. Kwa hiyo nimeandika ukaguzi: kila kete inapodondoka programu inajumlisha, na kila hatua inaandikwa kwenye faili la kumbukumbu, imetoka wapi, imeingia wapi, jumla ni ngapi. Jumla ikiacha kuwa 64, mchezo unasimama pale pale.

Nikaiacha programu icheze yenyewe kwa yenyewe, zamu za bahati nasibu. Mechi ya kwanza ilipita salama. Iliyofuata ikasimama: 65. Nikafungua kumbukumbu, nikarudi mpaka mstari wa mwisho wenye 64, nikaja mbele. Hatua iliyofuata ilikuwa kunamua kwa kula kwenye kimbi cha kushoto. Kete iliwekwa ubaoni, lakini katika njia ile moja tu, ya kula kwenye kimbi, ilikuwa haitolewi mkononi mwa mchezaji. Mzigo umetoka, kadi haijaguswa.

Mstari mmoja wa programu, na kosa likaisha. Naongeza kesho yake: niliirudisha icheze usiku kucha nikiwa nimelala, na asubuhi nikakuta imejaza faili zima la mechi, 64 kila mstari. Nimeenda kazini nikiwa sijashiba usingizi lakini nina furaha ambayo sikuwahi kuipata kwa kumshinda bosi yeyote wa mwisho kwenye gemu.

Ukaguzi huu sitauondoa hata nikimaliza. Utabaki humo ndani, kimya, kwenye simu ya kila atakayecheza.

Jumapili

Mshahara wa kwanza umeingia. Sehemu kwa mama yangu, sehemu kodi ya chumba, na kilichobaki nimenunua RAM iliyotumika, Kariakoo, baada ya kujaribu kwenye kompyuta yangu pale pale dukani. Godot sasa inafunguka kabla chai haijapoa. Nimecheza pia, siku nzima ya leo mchana, bila kuandika hata mstari wa programu, na siioni kama siku iliyopotea. Anayetengeneza gemu asipocheza atasahau kinachomfanya mtu abaki kwenye kiti.

Alhamisi, kuhusu safari

Sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwenye bao, na ndiyo iliyonipa kazi kubwa.

Ukiwa unanamua na unapanda baada ya kula, kete yako ya mwisho ikiangukia kwenye nyumba yako ambayo bado imesimama, yaani haijavunjwa na ina kete sita au zaidi, na hapo huna cha kula, unapewa hiari. Unaweza kulala hapo, nyumba ibaki na uongezeko lake. Au unakwenda safari: unazoa kete zote za nyumba na kuendelea kupanda, na kuanzia hapo nyumba hiyo imekwisha, limebaki shimo la kawaida. Safari inaweza kula nusu ya ubao wa mwenzako. Inaweza pia kulala shimo la pili na kukuacha mtupu. Babu anasema mtu anajulikana kwenye safari yake, na nikimtazama anavyokaa na kete ya mwisho mkononi kabla ya kuamua, namwelewa.

Kwa programu, ugumu ni kwamba hatua ya mchezaji ilikuwa inaanza na kuisha kwa mkupuo mmoja. Safari inaitaka isimame katikati, iulize, isubiri kidole, kisha iendelee kutoka pale pale. Godot ina amri ya kusubiri, na nimeitumia: kete ikifika nyumbani, vitufe viwili vinajitokeza, Lala na Safari, na kila kitu kinangoja. Hakuna saa inayokimbia. Niliwahi kufikiria kuweka sekunde kumi ili mchezo uchangamke, nikaacha. Kule kungoja ndiko kwenye utamu.

Pia nimeweka kinga ya mzunguko. Kuna mipangilio ya kete ambayo ukianza kupanda hulali kamwe, kete zinarudi zilipokuwa na kuanza upya. Programu sasa inakumbuka sura za ubao ndani ya hatua moja, na sura ikijirudia inasimama na kusema. Kwenye ubao wa mninga watu wangecheka na kupatana. Kwenye simu, simu ingeganda.

Jumamosi jioni, mpinzani

Nimeandika mpinzani wa kwanza. Sheria yake ni moja: atazame hatua zote zinazowezekana, achague inayokula kete nyingi. Ananishinda mimi mara kwa mara, na nilijisikia vizuri sana kuhusu hilo. Nikampelekea babu.

Alivaa miwani, akaishika simu kwa mikono miwili. Mwanzo alipata tabu na kugusa, kidole kilikuwa kinaangukia shimo la jirani, kwa hiyo nikaandika pembeni: ongeza ukubwa wa eneo la kugusa, hasa safu ya nyuma. Kisha akazoea. Mpinzani wangu akala, akala tena, mbele ya babu zikabaki kete chache. Fundi pikipiki aliyekuwa anachungulia akasema, "Mzee, leo umepatikana." Babu hakujibu. Akatia kete moja, zikala, zikageuka, zikala, zikapita kichwani, zikala tena, na safu ya mbele ya kompyuta ikabaki mitupu. Na safu ya mbele ikiwa mitupu umefungwa, hata kama nyuma una kete zimejaa.

Akanirudishia simu. "Huyu wako ana pupa. Anakula anachokiona, hatazami anachokiacha."

Nikamwuliza angemfundisha nini kwanza.

"Atunze nyumba. Na kabla ya kula aulize, mimi nikishakula, huyu mwenzangu atakula wapi?"

Hilo la pili wataalamu wa kompyuta wanalifanya kwa namna ile ile: unacheza hatua yako kichwani, unacheza ya mwenzako iliyo bora kwake, na unachagua hatua ambayo hata akijibu vizuri wewe huumii sana. Nimekaa nalo usiku. Penye safari programu inalazimika kufuata matawi mawili, la kulala na la kwenda, na matawi yanazaana haraka, kwa hiyo kwenye simu yangu nimeishia kutazama hatua tatu mbele, zaidi ya hapo inasita. Kwenye kupima ubao nimeipa uzito nyumba iliyosimama, na kete za safu ya mbele kuliko za nyuma, kama babu alivyoniambia.

Jumanne

Sauti. Nilikuwa nimeweka sauti ya bure ya kokoto, na ilikuwa inanikera bila kujua kwa nini. Jana jioni nimemwomba babu, nikaweka simu kando ya ubao wake, na akadondosha komwe moja moja: kwenye shimo tupu, kwenye shimo lenye mbili, kwenye nyumba iliyojaa. Zinatofautiana. Kwenye shimo tupu unasikia mbao. Kwenye lililojaa unasikia komwe juu ya komwe, na mbao haisikiki tena. Mabasi ya nyuma yalitulazimisha kurudia, lakini nimepata sauti tatu safi. Gemu sasa inachagua sauti kwa idadi ya kete zilizomo shimoni. Ukifumba macho, mpandaji anapokaribia nyumba unaisikia kabla ya kuiona.

Kete nazo nimezichora upya, kijivu cha komwe, kila moja na mstari wake. Zikizidi tano shimoni naandika namba juu yake, kwa kuwa kwenye skrini ndogo jicho haliwezi kuhesabu zaidi ya hapo, na sheria ya mtaji inahitaji uhesabu: shimo lenye kete 16 au zaidi haliwezi kuanzisha kula.

Nimejifunza pia kutoka kwa lile shamba la Stardew. Ubao unahifadhiwa kila kete ya mwisho inapolala. Simu ikizima, ukirudi unakuta zamu ni ya nani na ubao ulivyoachwa.

Jumapili, hali ya mradi

Kijana wa kaunta analo kwenye simu yake, fundi pikipiki analo, mdogo wangu analo na amelifikisha shuleni. Mama mwenye duka amelicheza wakati wa mchana akiwa na sahani ya wali mkononi, akafungwa, akaniuliza kama kuna mpinzani mpole zaidi. Yupo: yule wa pupa wa mwanzo. Nimemrudisha, ndiye atakayekuwa wa wanaoanza.

Babu amemfunga mpinzani mpya, lakini imemchukua mechi nzima ya mtaji, na mara hii fundi hakusema kitu. Baadaye akaniuliza swali ambalo nilikuwa nimeliahirisha tangu mwanzo: mbona takasia haimo?

Haimo kwa sababu ndiyo sheria yenye masharti mengi kuliko zote. Kwenye mtaji, mimi nikitakata, mwenzangu naye akawa hana cha kula, na zamu yangu ijayo nikawa na uwezo wa kula shimo lake moja tu, basi shimo hilo limetakaswa: haruhusiwi kulizoa na kukimbia nalo. Kisha kuna pale ambapo sheria hii haishiki, kama shimo hilo ni nyumba iliyosimama, au ndilo pekee lenye kete katika safu yake ya mbele. Kwa programu maana yake ni kwamba kabla ya kumruhusu mtu kutakata, lazima iujaribu mchezo wa mwenzake wa zamu ijayo, ihesabu mashimo yanayotishiwa, na ikikuta ni moja ilifunge. Mpinzani naye lazima aijue, la sivyo atatazama hatua tatu mbele akiwa anategemea shimo asiloruhusiwa kuligusa.

Babu amekubali kunipangia ubaoni mifano ya takasia, kila mmoja nitaupiga picha na kuugeuza kuwa jaribio ambalo programu lazima ilipite. Tunaanza kesho nikitoka kazini. Wiki hii mzigo wa tairi unaingia Jumatano, siku hiyo sitagusa chochote.